Syokimau: Jina la Mtabiri, Mji wa Stesheni

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Mombasa, akishaupita uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, huingia katika Kaunti ya Machakos pasipo kujua. Hakuna mto wala mlima unaomwarifu kwamba amevuka mpaka. Maghorofa yanaendelea, matatu zinaendelea, na mabango ya viwanja vinavyouzwa yanazidi kuongezeka. Mji anaoufikia kwanza ni Syokimau. Wakazi wake wengi hulala Machakos na kushinda Nairobi. Wanapiga kura katika kaunti ambayo makao yake makuu, mji wa Machakos, yako mbali nao kuliko ulivyo mji mkuu wa nchi wanakofanya kazi.

Azma ya makala haya ni kueleza historia ya mji huu mpya pamoja na huduma zinazopatikana humo. Yamkini msomaji wa jarida la Kiswahili atauliza kwa nini suala la mipango miji lisiachiwe wenzetu wa kitivo cha usanifu majengo. Jibu letu ni kwamba mji huu uliitwa kwa jina la mwanamke ambaye sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tulikutana naye darasani kabla hatujawahi kupanda gari la kwenda huko. Aidha, majina ya mahali katika eneo hili ni matini. Ukiyasoma kwa makini, yanaeleza jinsi mji ulivyozaliwa na ni kwa manufaa ya nani. Hoja tunayoishikilia ni kwamba Syokimau ni mji uliojengwa kando ya njia na kwa sababu ya njia. Huduma za kusafiri zilitangulia, ilhali huduma za kukaa zilifuata nyuma kwa mwendo wa kobe.

Mtabiri na nyoka wake

Katika Kikamba mtabiri huitwa mwathani. Syokimau alikuwa mwathani, na kwa mujibu wa masimulizi aliishi katika vilima vya Iveti, juu ya mji wa leo wa Machakos, kabla ya Wazungu kuingia Ukambani. Kiambishi Syo- kinachoanza jina lake ni cha kawaida katika majina ya wanawake wa Kikamba. Tunakipata katika Syokau, na pia katika Syombua, jina ambalo ndani yake limo neno mbua, yaani mvua. Kwa hivyo hata asiyejua lolote kuhusu bibi huyu, mradi anakijua Kikamba, akisoma kibao cha stesheni hutambua papo hapo kwamba mji umepewa jina la mwanamke. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo barabara na miji mingi iliyopewa majina ya watu ilipewa majina ya wanaume.

Masimulizi yanasema Syokimau aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji hadi maji. Aliona pia watu wenye ngozi ya rangi ya nyama, ambao usemi wao haukueleweka, wakitembea na moto mifukoni. Wafasiri wa baadaye hawakupata taabu. Nyoka ni reli iliyotoka Bahari ya Hindi hadi ziwa Viktoria, watu wale ni Wazungu, na moto wa mfukoni ni kiberiti.

Motifu hii haiko kwa Wakamba pekee. Wakikuyu wanaye Mugo wa Kibiro, ambaye Ngũgĩ wa Thiong'o alimtia katika riwaya yake ya The River Between (1965). Wanandi nao wanaye Kimnyole, orkoiyot anayesimuliwa kuwa alitabiri nyoka atoaye moshi. Je, maneno haya yalitamkwa kabla ya reli, au yalipata umbo lake baada ya reli kufika? Wanahistoria wana haki ya kuuliza. Kwa upande wetu, swali lenye uzito zaidi ni kwa nini jamii zilizo mbalimbali zilichagua nyoka, zikaacha wanyama wengine wote warefu au wenye nguvu. Nyoka hutambaa bila miguu, naam, na mwili wake haukatiki. Lakini vilevile nyoka anapoonekana uani, mwenye boma hatulii mpaka ajue kama anapita tu au anatafuta mahali pa kukaa. Istiari hii ina hofu ndani yake, na hofu hiyo, kama tutakavyoona, haikukosa msingi katika eneo tunalolizungumzia.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na mnamo Desemba 1901 ikagusa ziwa. Kinaya ni kwamba iliupitia mbali mji wa Machakos. Kabla ya hapo Machakos ndiyo iliyokuwa kituo cha utawala wa Waingereza katika bara, nayo Nairobi ilikuwa uwanda wenye maji baridi tu. Jina lenyewe la Machakos ni jina la Masaku lililopotolewa na ndimi za wageni. Masaku alikuwa kiongozi wa Wakamba ambaye masimulizi humhesabu pia miongoni mwa watabiri, na hadi leo wenyeji huuita mji huo Masaku. Reli ilipopita uwandani, kupitia Konza na Athi River, msimamizi wa Kiingereza John Ainsworth alihamisha ofisi zake kutoka Machakos hadi Nairobi mwaka huohuo wa 1899. Mji wenye jina la mtabiri ukaachwa kando na nyoka aliyetabiriwa. Zaidi ya karne moja baadaye, jina la mtabiri wa pili likaibuka uwandani, penye reli.

Tambarare za Athi kabla ya mji

Anayepita leo hudhani kwamba palikuwa patupu. Hapakuwa patupu. Tambarare za Athi zilikuwa malisho ya Wamaasai na Wakamba, na njia ya wanyamapori. Baada ya reli kufika, sehemu kubwa iligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya mifugo ya walowezi. Ukambani kwenyewe watu na ng'ombe wakabanwa katika maeneo waliyotengewa, kisha serikali ikawalaumu kwa kuharibu udongo.

Tukio la mwaka 1938 linafaa kukumbukwa hapa kwa sababu linahusu kiwanda cha kwanza kilichoutambulisha mji jirani wa Athi River. Kampuni ya Liebig ilijenga kiwanda cha nyama hapo, na serikali ya kikoloni ikaanza kuwanyang'anya Wakamba mifugo yao kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo, ikiiuza kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu, kiongozi wa Ukamba Members Association, aliwaongoza wanaume, wanawake na watoto wapatao elfu mbili au zaidi hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa wakidai kuonana na gavana. Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini unyang'anyi wa lazima ulisitishwa. Mtaa mmoja katikati ya Nairobi una jina lake. Wengi waupitao hawajui kwamba mapambano yake yalikuwa juu ya ng'ombe walioelekezwa kwenye kiwanda kilichokuwa karibu na makazi yao ya leo.

Baadaye ilikuja Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa 1950, kisha viwanda vya saruji, na baada ya sheria ya 1990 likaja eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje. Athi River ukawa mji wa wafanyakazi, chini ya Baraza la Manispaa ya Mavoko. Lakini Syokimau haikuwa na kiwanda cha kuiita watu. Ilichokuwa nacho ni ardhi karibu na Nairobi. Mashamba makubwa yalikatwakatwa vipande, kampuni na vyama vya kununua ardhi vikagawa viwanja kwa wanachama, na wanachama wakauza kwa wengine. Kufikia miaka ya 2000, mfanyakazi wa mshahara wa kati ambaye kodi ya Nairobi ilimwelemea aliona kwamba hapa angeweza kujenga. Pesa zilipopatikana akajenga chumba, zikipungua akangoja. Ndivyo nyumba nyingi za kwanza zilivyoinuka.

Stesheni kwanza

Tarehe 13 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya reli ya Syokimau, iliyounganishwa na Nairobi kwa njia ya takriban kilomita 16. Stesheni za Imara Daima na Makadara zilikuwa kwenye mkondo huohuo. Kwa Wakenya waliozoea treni za zamani zilizochakaa, jengo hili jipya lenye maegesho makubwa ya magari lilikuwa ajabu. Mkazi angeweza kuliacha gari lake hapo asubuhi na kuukwepa msongamano wa Barabara ya Mombasa, msongamano uliokuwa ukimwibia saa mbili au tatu za maisha yake kila siku.

Haikuchukua muda, nyoka wa pili akaja. Reli ya kisasa kutoka Mombasa, ya kilomita 472 hivi, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na treni yake ikaitwa Madaraka Express. Mwisho wa safari ni katika stesheni kubwa iliyojengwa Syokimau. Kwa jina rasmi stesheni hiyo ni ya Nairobi, ingawa watu wengi huitaja tu kama Syokimau. Mnamo Oktoba 2019 reli hiyo ilifunguliwa kuelekea Naivasha hadi Suswa. Tangu hapo abiria atokaye pwani anapofika "Nairobi" huteremka Syokimau, kisha hutafuta treni ndogo au gari la kumfikisha Nairobi yenyewe. Jina la bibi wa Iveti likaingia katika midomo ya watu ambao hawajawahi kusikia habari zake.

Nyoka wa tatu alipita angani. Barabara ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27, inaanzia Mlolongo, inapita Syokimau, na kuishia Westlands. Ilianza kutumiwa Mei 2022 na kuzinduliwa rasmi Julai mwaka huohuo. Mwenye gari na pesa za ada huvuka jiji kwa dakika chache. Asiye navyo hubaki chini, kivulini mwa nguzo. Hatudai kwamba barabara hiyo ni mbaya. Tunachosema ni kwamba imeugawa mji kwa tabaka kwa namna inayoonekana kwa macho, juu na chini, jambo ambalo mwandishi wa tamthilia angelaumiwa kwa kulifanya ishara ya wazi kupita kiasi.

Biashara ilifuata njia. Maduka makubwa kama Gateway Mall yalijengwa kando ya Barabara ya Mombasa, benki zikafungua matawi, na vituo vya mafuta vikasongamana. Ndani ya mitaa ikaja mitindo ya kujenga nyumba kwa mkupuo: safu za nyumba zinazofanana, zilizozungushiwa ukuta, zenye lango moja na bawabu. Inafaa kutaja kwamba majina ya mitaa hii ya kuta yamejaa Kiingereza cha bustani na mabonde, hata pale ambapo hapana bustani wala bonde.

Maji, maji taka na hati

Ukimwuliza mkazi wa Syokimau habari za mji wake, atakusifia usafiri kwa dakika mbili kisha atazungumza juu ya maji kwa nusu saa. Mtandao wa mabomba haukwenda sambamba na ujenzi. Nyumba nyingi hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mitambo, au malori yanayouza maji. Maji ya visima vya tambarare hizi aghalabu huwa na chumvi, na mengine yana floridi nyingi, ile madini ambayo ikizidi huyapa meno ya watoto rangi ya kahawia. Kwa hiyo familia moja huwa na maji ya aina tatu: ya kisima kwa kufulia na kuogea, ya lori kwa kupikia, na ya dukani kwa kunywa. Mto Athi wenyewe, uliolipa eneo jina, hupokea mto Nairobi pamoja na uchafu wote wa jiji, hivyo kuutazama kama suluhisho ni kujidanganya.

Maji taka nayo yana hadithi yake. Pasipo mfereji mkuu, kila boma huwa na shimo au tangi lake, na malori ya kunyonya uchafu huzunguka mitaani. Udongo wa hapa ni mweusi, hunywa maji na kuvimba wakati wa mvua, kisha hupasuka wakati wa kiangazi. Anayejenga hana budi kuuchimba na kuutupa mpaka akute mwamba, na gharama hiyo haionekani katika bei ya kiwanja. Mvua ikinyesha, barabara za ndani zisizo na lami hugeuka tope zito linalomlazimu mwenda kwa miguu kubeba jozi mbili za viatu: ya tope na ya kazini. Kuhusu shule na matibabu, mambo ni mafupi. Shule za watu binafsi zimejaa, za umma ni chache kwa idadi ya watoto, na hospitali ya umma iliyo kubwa iko Athi River. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, eneo zima la Athi River lilikuwa na zaidi ya watu laki tatu.

Lakini huduma ambayo kukosekana kwake kuliwaumiza watu kuliko zote haina bomba wala jengo. Ni uhakika wa ardhi. Mnamo Novemba 2011, mwaka mmoja kabla ya stesheni kufunguliwa, matingatinga yaliingia Syokimau na kubomoa nyumba nyingi katika ardhi iliyodaiwa kuwa ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Wenye nyumba walisimama mbele ya vifusi wakiwa wameshika karatasi: hati za umiliki, stakabadhi za ada walizolipia, vibali vya ujenzi. Suala hilo lilifika bungeni. Mnamo Oktoba 2023 yakatokea mengine jirani, upande wa Athi River. Mahakama iliamua kwamba ardhi ya ekari 4,298 iliyokuwa imekaliwa na watu ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland, na makazi yaliyojengwa humo yakabomolewa.

Neno hatimiliki, ambalo tumelizoea mno, ni muungano wa hati na miliki. Waundaji wa msamiati walichukulia kwamba sehemu hizo mbili haziachani. Wakazi wa 2011 waliziona zikiachana mbele ya macho yao: hati ilibaki mkononi, miliki ikawa vumbi. Hawakuwa wavamizi kwa fahamu yao wenyewe, kwani walinunua, walilipa, wakagongewa mihuri. Jambo linalotisha ni kwamba ofisi moja ya umma iliweza kupokea ada ya nyumba ambayo ofisi nyingine ya umma ilikuja kuibomoa. Mpaka leo anayenunua kiwanja katika tambarare hizi hufanya uchunguzi wa aina mbili, mmoja katika masjala ya ardhi na mwingine kwa wazee na majirani, na wengi huamini zaidi ule wa pili. Hapa fasihi simulizi inatumika mahali ambapo hatukuitarajia, kama ushahidi wa nani alikuwa jirani ya nani.

Kuna anayeweza kusema kwamba tiba ni kupanga kwanza na kujenga baadaye. Mfano wake uko kusini, kwenye barabara hiyohiyo. Konza, stesheni ya zamani ya reli, ilichaguliwa kuwa jiji la teknolojia chini ya Ruwaza ya 2030. Serikali ilinunua ekari 5,000 za shamba la Malili mwaka 2009, na Rais Kibaki akaweka jiwe la msingi Januari 2013. Huko walianza na mabomba, nyaya na barabara, lakini makumi ya maelfu ya watu hawakuja kujijengea. Huku walianza na watu. Ni vigumu kusema ni lipi kosa kubwa zaidi, ila gharama ya Konza ililipwa na hazina ya serikali, na ile ya Syokimau imelipwa na akiba za walimu, makarani na wauguzi.

Mlolongo: jirani mwenye jina la Kiswahili

Haifai kuiacha Syokimau bila kumtaja jirani yake, Mlolongo, hasa katika jarida hili. Jina hili halikutolewa na serikali wala na mtabiri. Palikuwa na mizani ya kupimia uzito wa malori katika Barabara ya Mombasa, na malori yaliyongoja zamu yalijipanga usiku na mchana. Penye madereva wanaongoja pana chai, chapati, chumba cha kulala, fundi wa magurudumu. Vibanda vikazaa soko, soko likazaa mji, na watu wakauita kwa kile walichokiona: mlolongo.

Wanaisimu watavutiwa na uteuzi huo wa neno. Foleni ilikuwepo, safu ilikuwepo, na hata maneno ya Kiingereza ya madereva yalikuwepo. Mlolongo lina silabi zinazojivuta, kama vile linavyoburuta kitu chenyewe. Pia lilikuwa limeshapata uzito wa kisiasa. Katika uchaguzi wa 1988 wapigakura wa KANU walipanga mstari hadharani nyuma ya mgombea au picha yake, na neno mlolongo likawa jina la uchaguzi wenyewe na la udanganyifu uliotokea humo, ambapo waliokuwa na mstari mfupi walitangazwa washindi. Kijana aliyezaliwa Mlolongo hapaswi kulaumiwa kwa kutojua hayo, kwa kuwa kwake neno hili ni anwani tu.

Mizani baadaye ilihamishiwa Athi River. Malori hayapangi tena mstari hapo kama zamani, na hakuna aliyependekeza mji ubadilishwe jina. Hivi sasa Mlolongo ndio mlango wa barabara ya kulipia, na nyakati za jioni, magari yanayoteremka kutoka juu yanapokutana na yale yaliyokuwa chini tangu mwanzo, mstari huonekana tena ukijivuta kuelekea Syokimau, taa nyekundu moja nyuma ya nyingine.